Masika ya Daftari la Nne

3 Machi
Willis amekuja na kadi ya mwaliko, na neno "mwandishi" halimo. "Maktaba ya Mheshimiwa Zablon Mosoti, Homa Bay. Ufunguzi tarehe 30 Mei." Nimeandika riwaya saba. Kiti cha uwaziri nilikikalia miaka sita tu. Nikamuuliza inakuwaje nyumba ya vitabu ipewe jina la kiti. Willis ndiye mwenyekiti wa kamati ya maktaba. Nilimfundisha kidato cha pili na hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja. Akacheka. "Mwalimu, watu wanakujua kwa uwaziri. Hapo ndio heshima iko." Nikamwambia hiyo heshima akaitie kwenye chai anywe. Binti yangu Dorah akanikanyaga mguu chini ya meza kana kwamba mimi ni mtoto. Nina miaka themanini na moja.

5 Machi
Joto. Jirani amepanda mahindi kwenye vumbi. Mpumbavu.

10 Machi
Kamati imeniletea mwalimu kijana, Lynnet, anayefundisha Kiswahili katika shule moja upande wa Rongo. Eti apange karatasi zangu kabla hazijapelekwa maktaba. Amefika na gambuti miguuni, ilhali mvua haijanyesha hata tone. "Mzee, tutaanza na stoo ama sebuleni?" Nikamjibu tutaanza na salamu. Akasalimu.

Aliniuliza kwa nini niliandika kwa Kiswahili. Nikamweleza: baba yangu alitoka Nyamira akafungua duka la nguo hapa Kendu Bay. Wajaluo wakatuita wageni. Tukienda kwetu likizo, Wakisii wenzetu wakatucheka kwamba tunaongea kama Wajaluo. Kiswahili hakikuwa na mwenyewe wa kunifukuza. Akaandika, akasema, "Hiyo ni poa," kama anayenisahihishia insha.

18 Machi
Mvua ya kwanza. Mahindi ya jirani yameota. Sitaki kuyaona.

26 Machi
Leo Lynnet ameuliza habari za Otieno. Nilijua atauliza, kila mtu huuliza. Katika tawasifu yangu kuna sura nzima juu yake, na Lynnet huwasomea kidato cha nne. Anasema wengine hulia.

Nikamsimulia tena. Nashon Otieno alikuwa mwanafunzi wangu bora kuliko wote, baadaye akawa mwalimu Migori. Aliandika tamthilia, *Mizani ya Remba*, kuhusu wafanyabiashara wa samaki kisiwani ambao mizani yao inaiba, na chifu anayeilaza mizani hiyo nyumbani kwake. Ilichezwa mara mbili. Mwaka wa 1987 ikapigwa marufuku, Otieno akafungwa miaka mitatu. Alitoka na kifua kibovu, akafa mwaka wa 1994. Mimi nilikuwa waziri. Nilimtetea. Nilipiga meza mbele ya wakubwa, lakini walinizidi nguvu.

Hadithi hiyo nimeisimulia mara nyingi hata kiganja huniuma nikifika penye meza.

Lynnet hakulia. Aliuliza, "Ilikuwa meza gani?" Swali la kipuuzi.

2 Aprili
Dhoruba mchana kutwa. Mabati mawili ya stoo yameng'oka. Mimi, Dorah na Lynnet tumebeba masanduku hadi sebuleni huku tumelowa chapachapa. Niliamuru picha zitoke kwanza, kisha tuzo, kisha miswada ya riwaya zangu. Dorah, ambaye huniita baba kwa Kikisii, akauliza, "Na hili lililoandikwa 'Mengineyo', Tata?" Nikamwambia aliache, ni takataka.

5 Aprili
Sabato. Dorah kanisani. Mvua. Nimekula viazi baridi.

8 Aprili
Nimemfukuza Lynnet.

Aliingia stoo bila ruhusa yangu kuona kama lile sanduku la "Mengineyo" limepona. Akarudi sebuleni na madaftari manne ya shule, yale ya jalada la bluu. Nilikuwa nakunywa uji. Niliyatambua kabla hajayaweka mezani.

Madaftari matatu yalikuwa na unyevu tu pembeni. La nne lilikuwa limelala chini kabisa sandukuni, ndani ya maji, siku sita. Alilibeba kwa viganja viwili kama mtu anayebeba kifaranga mgonjwa. Kurasa zilikuwa zimekuwa donge moja, wino umetoka wote.

Akafungua jalada la kwanza, lenye jina la Otieno, akasoma kwa sauti. Lynnet ana sauti nzuri ya kusoma, ndiyo iliyonikasirisha.

"'Kazi nzuri mno. Kwa hiyo ni ya hatari. Izuiwe. Z. M.'" Akanitazama. "Mzee, huu ni mwandiko wako?"

"Wewe hujui serikali ya wakati ule ilivyofanya kazi."

"Sijauliza serikali. Nimeuliza mwandiko."

"Polisi waliyaleta mezani kwangu. Kila kitu kililetwa mezani kwangu."

"Hiyo ndio ile meza uliipiga?"

Nilipaza sauti. Nikamwita mtovu wa adabu, nikamwita jasusi, nikasema wasichana wa siku hizi wanasoma ili wapate cha kuwatukania wazee. Yeye hakupaza sauti. Alisema, "Nimefundisha hiyo sura miaka sita. Nimewaambia watoto wa watu, huyu ndiye kiongozi aliyesimama." Akavaa koti lake la mvua akatoka.

Baada ya nusu saa niligundua kwamba madaftari matatu ameondoka nayo. La nne aliliacha mezani, linachuruzika kwenye kitambaa cha Dorah.

9 Aprili
Nimempigia Willis simu. Nimemwambia msichana wake ni mwizi.

10 Aprili
Mvua. Lynnet hapokei simu.

11 Aprili
Amepokea. Madaftari yako Isebania, kwa Benta, mjane wa Otieno. "Nimempelekea mwenyewe mali yake," akasema. Nikasema nitakwenda polisi. Akasema, "Sawa, Mzee. Uwaambie uliyapata wapi."

Dorah alisikia yote. Ni muuguzi mstaafu, maneno yake huyapima kama dawa. "Tata, hiyo daftari si yako." Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza. "Mama alijua?" Nikaondoka mezani.

17 Aprili
Nimetoka Isebania. Nitaandika kama nilivyosikia, bila kupamba.

Bravin, yule wa teksi, alinichukua asubuhi. Barabara ya kutoka Rongo hadi Migori ilikuwa maji matupu na miwa imelala pande zote. Alijaribu kunizungumzisha siasa; nikamwambia aangalie barabara.

Benta ana duka la mchele karibu na mpaka, mahali ambapo malori hupanga foleni kuvuka kwenda Sirare. Alifundisha miaka thelathini kabla ya kufungua duka hilo. Nilimkuta anapepeta mchele kwenye ungo. Hakusimama.

"Karibu, Mheshimiwa."

"Nimekuja kuchukua madaftari yangu."

"Yako?" Akaendelea kupepeta. "Yako yanaitwaje?"

Nikasema madaftari hayo ni kumbukumbu za taifa na yanatakiwa maktaba. Hata mimi nilisikia jinsi nilivyosema, ile sauti ya zamani ya kuhutubia. Msichana aliyekuwa akinunua mchele akacheka, Benta akamwambia aende arudi baadaye.

"Mwaka ule nilikuja ofisini kwako," alisema. "Nilikuwa na mtoto wa miezi minne. Nimekalia benchi siku mbili. Siku ya pili, jioni, karani akaniambia ati waziri ametoka na mlango wa nyuma."

"Sikuambiwa kwamba ni wewe."

Akaweka ungo chini. Akaenda nyuma ya magunia, akarudi na riwaya yangu ya nne, ile iliyopata tuzo, nakala ya shule iliyochakaa. Hakuhitaji kutafuta ukurasa.

"'Mama yule alikaa kwenye benchi siku mbili, mtoto amemfunga kwa leso ya manjano yenye samaki wekundu.'" Akafunga kitabu. "Leso ilikuwa yangu. Ilikuwa ya manjano, ilikuwa na samaki. Kama hukujua ni mimi, nani alikuambia rangi ya leso yangu?"

Lori lilipiga honi nje, nikashukuru.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," nikasema.

"Nilijua. Ulinichungulia, halafu ukanitia kitabuni. Hiyo kitabu ililetwa shule. Mimi ndiye niliifundisha. Mtihani ukaja: 'Mwandishi anamwonea huruma mhusika huyu. Thibitisha.' Mimi nikakaa hapo na kalamu nyekundu, nasahihisha. Wale waliandika unamwonea huruma, nikawapa alama zote."

Nikasema pole. Neno lilitoka dogo.

"Sitaki pole. Pole ni ya mtu umemmwagia chai. Nataka useme Homa Bay, siku hiyo yenu, kwa spika, watu wakisikia. Na hiyo jina yako itolewe kwa ukuta."

Hapo nilikasirika. Nilimwambia nimejenga shule, nimeleta maji, nimewatoa watu jela ambao hajui hata majina yao, na hana haki ya kunipangia nitakavyozikwa. Watu walisimama mlangoni kusikiliza. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza? Basi enda kabla mvua haijakufungia njia."

Madaftari hakunipa.

19 Aprili
Sabato. Dorah amekwenda kanisani bila kuniaga.

Sikupiga meza yoyote. Hapakuwa na wakubwa. Palikuwa na mimi, birika la chai, na kalamu. Hakuna aliyenipigia simu kuniambia la kufanya. Madaftari yalikuja bila maoni ya mtu yeyote, na ningeandika "haina madhara" hakuna ambaye angeuliza. Wangapi niliwaandikia hivyo! Tamthilia mbovu niliziachilia zote.

Ya Otieno nilianza kuisoma saa nne asubuhi. Kufikia ukurasa wa kumi nilijua kwamba mimi sitaandika kamwe kitu kama kile. Mvuvi wa Otieno anafungua mdomo na unasikia harufu ya omena. Wavuvi wangu husema kama mimi. Nilisoma hadi mwisho, nikalia, ndiyo, nililia kwa uzuri wake, kisha nikaandika "Izuiwe".

Miaka thelathini na minane nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ni siasa. Ulikuwa wivu.

22 Aprili
Nimejaribu kukausha daftari la nne juani. Jua lilitoka robo saa. Limekuwa gumu kama kipande cha muhogo. Hakuna herufi hata moja.

Laiti ningaliamuru sanduku lile litoke kwanza. Tuzo zangu ni za shaba. Shaba haiharibiki kwa maji.

6 Mei
Ziwa limepanda tena. Gugumaji limefika penye waanikaji omena, nao wamehamisha nyavu zao hadi kando ya barabara. Dorah ameanza kuzungumza nami, ila kwa habari za chakula tu.

14 Mei
Willis. Nilimwambia nitasema nini siku ya ufunguzi. Rangi ilimtoka. "Mwalimu, wageni wanakuja kutoka Nairobi. Kuna watoto wataimba. Hizi ni maneno za kuambia mchungaji." Nikamwambia mchungaji hakuandika *Mizani ya Remba*. Akanishika mkono, akasema kwa upole, "Umezeeka, Mwalimu. Wacha kujisumbua." Yaani amenitafutia udhuru tayari.

Zamani nilidhani Willis ni mjinga. Si mjinga. Ni mimi nilivyokuwa wizarani, bila vitabu.

21 Mei
Mvua. Mvua. Mvua.

30 Mei
Niko Homa Bay, chumba cha hoteli, jioni.

Watu walijaa hadi nje ya hema. Lynnet alikaa safu ya nyuma na wanafunzi wake. Benta hakuja. Jina langu liko juu ya mlango kwa herufi za chuma, kubwa kuliko madirisha.

Niliitwa. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja na nusu. Nikasoma yale maneno niliyoyaandika ndani ya jalada la Otieno. Nikasema hakuna aliyenilazimisha. Nikasema kuhusu Benta, benchi, pazia na leso. Hema lilinyamaza, nikadhani, haya, sasa wamesikia. Nikasema, "Nilifanya hivyo kwa wivu, kwa sababu aliandika vizuri kuliko mimi."

Wakacheka.

Walicheka kwa upendo, kama mtu anavyomcheka babu anayejishusha mbele za wageni. Nikarudia. Nikasema mtu alifungwa, mtu alikufa. Mama mmoja wa mbele akafuta machozi akaanza kupiga makofi. Wakafuata wote. Walisimama! Nilipaza sauti kuwaambia waketi, waache, makofi ni ya nini, na kadiri nilivyopaza ndivyo walivyozidi. Willis akachukua kipaza sauti. "Mmeona? Huo ndio unyenyekevu wa kiongozi! Viongozi wa leo wataweza hivyo?" Watoto wakaanza kuimba.

Nikamwambia Willis jina liondolewe leo hii. Akanong'ona, huku akitabasamu kwa ajili ya picha, "Fundi ameliweka na saruji, Mwalimu."

Katika hema lile lote niliona watu wachache tu ambao hawakupiga makofi: Lynnet na safu yake ya wanafunzi. Walikuwa wamekaa, mikono magotini.

31 Mei
Simu kumi na moja za pongezi. Sabato, Dorah anasema mchungaji amenitaja kama mfano wa toba. Nimetupa kikombe ukutani. Dorah aliokota vigae, kisha akaketi karibu nami, jambo ambalo hajalifanya tangu Aprili. "Angalau mimi sikupiga makofi," akasema. Nikamwambia sikumwona. "Nilikuwa nje. Nilikuwa natapika."

2 Juni
Benta amepiga simu.

"Nimesikia walikupigia makofi."

"Walipiga."

"Sasa umeona. Wewe hata dhambi yako ni sherehe." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu aliyechoka. Nilisikia malori nyuma yake. Kisha akauliza nililokuwa nikiliogopa. "Ya nne iko wapi? Huyu msichana ameniletea tatu tu."

Nikamwambia. Sanduku, bati, mvua, siku sita. Nikamwambia nilitoa picha zangu kwanza.

Sauti yake ilibadilika. Sasa ndipo alikuwa amekasirika kweli. "Ulimfunga na kalamu. Halafu ukammaliza na maji." Akakata.

3 Juni
Kimya.

4 Juni
Amepiga tena, saa tatu asubuhi, bila salamu. "Tulipocheza ile tamthilia mimi nilikuwa bibi ya chifu. Maneno yangu ya hiyo daftari ya nne niko nayo yote. Ya wengine niko na nusu, labda zaidi. Chukua kalamu."

"Sasa hivi?"

"Uko na kazi gani ingine?"

Nimeandika kwa saa moja. Kurasa tatu. Mkono unauma.

7 Juni
Sabato, hatukufanya kazi. Nilitamani tufanye.

11 Juni
Lynnet amekuja kuchukua kurasa akazipige chapa. Wanafunzi wake wanataka kuicheza muhula ujao. Alisalimu, akapokea, akasoma akiwa amesimama. Nikamwambia aketi. Hakuketi. Lakini mlangoni aligeuka: "Mzee, Mwalimu Benta anasema hiyo maoni yako ya kuzuia ichapwe ukurasa wa kwanza, na jina lako." Nikasema ichapwe.

13 Juni
Nimegombana na Benta. Alinisomea kwa simu mstari wa mvuvi: "Hii mizani inakula kama mtu." Nikaandika: "Mizani hii ina tumbo lisiloshiba." Kila jioni hunitaka nimsomee nilichoandika. Nilipofika hapo akanikatiza.

"Otieno hakusema hivyo."

"Ni maana ileile. Na inasikika vizuri zaidi."

"Ni wewe huyo, si Otieno. Futa."

Nikamwambia mimi nimeandika kwa miaka sitini. "Ndiyo maana nasema futa." Nilifuta kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Mstari wa Otieno ulikuwa bora. Uliniudhi ulivyokuwa bora, tena sasa hivi, katika umri huu.

20 Juni
Mvua zimekwisha. Jirani anavunja mahindi mabichi, ametuletea kumi. Nimekula mawili.

Tumefika mwisho wa tamthilia: mvuvi amevunja mizani kwa nyundo mbele ya chifu na anawaambia watu kwa nini. Benta anakumbuka mwanzo wa maneno hayo na mwisho wake. Katikati kuna mistari kama sita imempotea. Tangu juzi amejaribu, amempigia hata mwenzao mmoja aliyecheza nao, yuko Sindo siku hizi, naye hakumbuki.

"Basi," akasema leo asubuhi. "Wewe ni mwandishi. Jaza hapo."

Sikujua kama ananitega au amechoka. Nilikaa na kalamu. Mistari ilikuja, yote sita, mizuri. Kwa mara ya kwanza maishani mvuvi wangu alinuka omena. Niliisoma mara mbili. Hakuna ambaye angejua, hata yeye.

Niliichana, nikampigia.

"Sikujaza."

"Kwa nini?"

"Si yake."

Nilisikia ungo ukienda na kurudi, mchele ukimwagika, ungo ukisimama.

"Acha wazi, basi," Benta akasema. "Mstari wa saba, andika."

Nimeacha nafasi ya mistari sita, nikaandika wa saba kama alivyousema.